Mtemi wa Ferrara na pazia lake: kwa nini amwambie mshenga habari za marehemu mkewe?

#1 Nyumba ya Udongo (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naweka mezani shairi moja la Kiingereza la mwaka 1842. Wengi waliolisoma walilisomea mtihani, wakapata maksi zao, wakalisahau. Linaitwa "My Last Duchess", la Robert Browning. Mistari 56 tu, lakini ndani yake mna posa, mahari, mke aliyetoweka, na mwanamume mmoja anayeongea mwanzo mpaka mwisho bila kumwachia mwenzake nafasi ya kukohoa.

Kisa ni hiki. Tuko Ferrara, kaskazini mwa Italia, miaka ya 1500 na kitu. Mtemi wa mji ni mgane na anataka kuoa tena. Kabaila mmoja tajiri mwenye binti amemtuma mshenga ili wapange habari za mahari. Kuna wageni wengine wanasubiri chini. Mtemi anampandisha mshenga ghorofani, anamkalisha mbele ya ukuta wenye pazia, halafu analivuta. Nyuma ya pazia kuna picha ya marehemu mkewe, imechorwa vizuri hata utadhani anapumua. Anamweleza mgeni kwamba pazia lile halivutwi na mtu mwingine yeyote ila yeye.

Kisha anaanza kusimulia makosa ya marehemu. Sikilizeni hayo makosa. Alikuwa mwepesi wa kufurahi. Mchoraji, mtawa aitwaye Pandolf, akimsifia mkono, mashavu yanamwiva. Jua likizama, anafurahi. Mtu akimvunjia tawi la cheri bustanini akamletea, anafurahi. Akipanda baghala wake mweupe kuzunguka ua wa jumba, anafurahi. Na pambo alilopewa na mumewe avae kifuani analifurahia vile vile, si zaidi. Hapo ndipo palipomchoma mtemi: mke anashukuru kana kwamba zawadi ya jina lenye umri wa miaka mia tisa ni sawa na zawadi ya mtu yeyote apitaye.

Je, alimwambia mkewe? Hakumwambia. Anasema hata kama angekuwa na ufundi wa maneno (anadai hana!), kumweleza mke "hili linaniudhi, hapa umepungukiwa, pale umepitiliza" kungekuwa kujiinamisha, na yeye ameamua hainami kamwe. Tabasamu zikaendelea. Akatoa amri. Tabasamu zote zikakoma kwa pamoja.

Halafu, hata pumzi hajavuta, anamwambia mshenga ainuke wateremke. Anamkumbusha kwamba ukarimu wa bwana wake unajulikana, kwa hiyo hategemei longolongo kwenye mahari. Anaongeza kwamba anachokitaka hasa ni binti mwenyewe. Wakiwa njiani kushuka anamwonyesha sanamu ya shaba ya Neptune, mungu wa bahari wa Warumi, akimtiisha farasi wa baharini. Shairi limeishia hapo.

Sasa swali lililonifanya nianzishe uzi. Mtu yuko kwenye posa, anamwambiaje mshenga wa upande wa pili habari kama hizi? Mwenye akili timamu angezificha. Jibu langu ninalo, ila nalishikilia kwanza. Tiririkeni.

#2 Siti ya Mbele

Nimeshatandika mkeka. Endeleeni.

#3 Kijana wa Keko

Mkuu, tumalize moja kwanza. Alimuua au hakumuua? Maana "akatoa amri" inaweza kuwa chochote. Labda aliwaamuru watumishi wasimchekee tena.

#4 Nyumba ya Udongo (mleta uzi)

Browning aliulizwa hilo swali akiwa mzee. Akajibu kwamba ndiyo, amri ilikuwa mke auawe, kisha akaongeza: au pengine alifungiwa kwenye nyumba ya watawa. Mwenye shairi mwenyewe aliacha mlango wazi. Chukua lolote kati ya hayo, mke hayupo na hakuna mtu mle ndani aliyethubutu kuuliza.

Kihistoria ni habari nyingine kidogo. Chini ya kichwa cha shairi Browning aliandika jina la mji tu, lakini wasomi wengi wanaona aliyemlenga ni Alfonso II wa ukoo wa Este. Mkewe wa kwanza alikuwa Lucrezia de' Medici, binti wa Cosimo I wa Firenze. Waliozana 1558, bibi harusi ana miaka 13, bwana harusi 24. Na Lucrezia hakuwa chaguo la kwanza. Aliyeposwa mwanzo ni dada yake mkubwa, Maria, akafariki 1557, mdogo mtu akawekwa mahali pake kama vile mkataba unabadilishwa jina. Harusi ikapita, mume akaenda zake Ufaransa. Binti akabaki kwao mpaka Februari 1560 alipopelekwa Ferrara. Aprili 1561 akafa, ana miaka 16. Uvumi wa sumu ukazagaa, ila wanahistoria wa leo wanaelekea kwenye kifua kikuu.

Kwa hiyo Alfonso wa kwenye vitabu vya historia pengine hana damu mikononi. Huyu wa shairi tunamhukumu kwa kinywa chake mwenyewe.

#5 Simba Mzee

Mtanirushia mawe, lakini tuseme kweli. Umeoa, umempa mke jina, nyumba na heshima. Kila anayepita anachekewa sawasawa na wewe mwenye nyumba. Mchoraji anasifia mkono, mashavu yanawaka. Hata ningekuwa mimi ningeuliza kulikoni. Sisemi auawe. Nasema ule wivu una mzizi, haukuota hewani.

#6 Mama Tabasamu

Kaka Simba Mzee, umeandika mwenyewe: ungeuliza. Mtemi hakuuliza. Hapo hapo mmeshaachana njia wewe na yeye, usijipeleke upande wake bure.

Halafu naomba unitajie mwanamume mmoja ndani ya lile shairi aliyetembea na yule mke. Hayupo! Mchoraji ni mtawa, na mume alikuwepo pale pale akichorwa mkewe. Aliyeleta cheri mtemi mwenyewe anamwita mpumbavu wa kujipendekeza. Baghala ni baghala. Jua ni jua. Mwanamume anayelionea wivu jua la magharibi, huyo hata ukimfungia mke chumbani ataanza kuuonea wivu mto wa kulalia.

Na tusisahau umri. Kama tunamfuata Lucrezia wa kweli, anayesemwa hapa "alicheka na kila mtu" ni mtoto wa miaka kumi na tano aliyetolewa kwao akapelekwa kwenye jumba la wageni watupu. Mtoto kaletewa cheri kafurahi. Jamani.

Mtu asije akasema pia haya ni ya Waitalia wa zamani tu. Uingereza ya Browning, mwaka 1842, mwanamke akiolewa mali yake inakuwa ya mume kwa mujibu wa sheria. Iliwachukua mpaka 1882 kuibadilisha kwa maana. Waliolinunua shairi London walikuwa na watemi wadogo majumbani mwao. Mmoja wao ni baba wa Elizabeth Barrett, mshairi, ambaye hakutaka mtoto wake yeyote aoe wala aolewe, wa kike kwa wa kiume, na waliofanya hivyo aliwatupa. Browning huyu huyu alimwoa Elizabeth kwa siri 1846 wakakimbilia Italia, na mzee hakuwahi kumsamehe binti yake. Lakini shairi lilitangulia. Walionana mara ya kwanza 1845, kwa hiyo hakuliandika kwa hasira za baba mkwe. Aliliandika, halafu maisha yakamletea mtu wa namna hiyo mlangoni.

#7 Simba Mzee

Mto wa kulalia 😂 Dada una maneno.

Sijaungana na yote, ila kwenye kuuliza umenibana. Lakini mtemi si amejieleza? Kasema hana ufundi wa kuongea. Kuna wanaume wa hivyo wengi tu, wanaumia kimya.

#8 Mtunzi wa Vina

Mkuu, hapo ndipo Browning alipokutega. Anayedai hana ufundi wa kuongea anaongea kwa vina kutoka mstari wa kwanza hadi wa 56. Mistari inakwenda miwili miwili, kina cha mwisho kinalingana, kila mstari na mizani zake kumi.

Ila ukisomewa kwa sauti, vina huvisikii. Sentensi haziishii mwisho wa mstari. Ni mishata mitupu: sentensi inavuka, inakatikia katikati ya mstari unaofuata, nyingine inaanza hapo hapo. Sisi tuliozoea tarbia, kila mshororo na pumzi yake, tunaweza kudhani mtu anaongea tu ya moyoni. Kumbe hakuna neno lililoachiwa. Anajifanya mlegevu huku kila kitu kimefungwa kwa chini, na hata kusitasita kwake ("nisemeje vile?") kumepimwa.

Tazama pia anavyomwendesha mgeni. Kaa hapa. Tazama. Inuka. Tushuke pamoja. Ni adabu tupu, na kila tamko ni amri. Mshenga hana mstari hata mmoja. Kuna mahali tunahisi ametaka kuuliza kitu kwa macho, na kule ngazini inaonekana alitaka kubaki nyuma kwa heshima au kumtoroka, hatujui, mtemi akamzuia: hapana bwana, tunashuka sote. Lakini hata hayo tunayapata kwa kinywa cha mtemi. Utanzu wenyewe umejengwa hivyo: mmoja anasema, mwingine yupo hapo hapo bubu, na msomaji ndiye anayeachiwa kesi.

Mtu anayeumia kimya, Simba Mzee, hamweki mgeni kitini akamhutubia.

#9 Kijana wa Keko

Swali la kijinga kidogo. Mahari anatoa nani? Mtemi ndiye anayeoa, halafu yeye ndiye anayedai mahari?

#10 Nyumba ya Udongo (mleta uzi)

Si la kijinga, ndilo linalofungua shairi. Kule mali ilitoka upande wa mwanamke kwenda kwa mwanamume. Baba mwenye binti ndiye aliyefungua mfuko. Na mwenye jina kubwa alidai mfuko mkubwa zaidi, maana binti anaingia kwenye ukoo.

Ukoo wa Este ulikuwa wa zamani kweli. Medici walikuwa watu wa benki waliopanda haraka. Cosimo, baba yake Lucrezia, alishika utawala wa Firenze mwaka 1537 tu. Koo hizi mbili ziligombana miaka na miaka juu ya nani atangulie mbele ya mwenzake kwenye sherehe za Papa na za wafalme. Mnaweza kucheka, lakini mabalozi walikosa usingizi kwa jambo hilo, mpaka 1569 Papa Pius V alipompa Cosimo cheo cha Mtemi Mkuu wa Toscana na kuwaacha Este wamenuna.

Ukishajua hilo, wivu wa mtemi unabadilika sura. Haogopi mke ataibwa. Anaogopa kulinganishwa. Tabasamu la mke kwake ni kama noti: ikichapwa nyingi ikagawiwa kila mtu, thamani yake inashuka, na jina la miaka mia tisa linashuka nalo. Ndiyo maana muhalifu mkubwa kwenye orodha yake si mchoraji. Ni yule wa cheri. Mchoraji angalau ni fundi mwenye jina, na jina lake mtemi analitaja kwa majivuno. Wa cheri ni nani? Hana hata jina, na amepata tabasamu lile lile.

#11 Mpekuzi wa Makabrasha

Naomba niongeze kuni. Ferrara haikuchaguliwa kibahati tu kwa shairi la namna hii.

Ndani ya ngome ya Este, mwaka 1425, Niccolò III aliamuru wakatwe vichwa mkewe Parisina Malatesta pamoja na Ugo, mtoto wake mwenyewe wa nje ya ndoa, kwa kuwa wawili hao walipendana. Kwa hiyo kutoa amri juu ya mke si jambo Browning alilolitunga usiku mmoja.

Alfonso mwenyewe alikulia humo. Mama yake, Renata, binti wa Mfalme Louis XII wa Ufaransa, alikuwa na mwelekeo wa Kiprotestanti. Mwaka 1554 mumewe, Ercole II, alimfungia kwa ajili ya imani yake na kumtenga na binti zake mpaka alipokubali kurudi kwenye misa. Alfonso alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, anaona jinsi mke anavyorekebishwa.

Kisha njooni kwa Alfonso akiwa mtawala. Alipenda sanaa kuliko watawala wengi wa wakati wake, na namna yake ya kuipenda ilikuwa kuifungia. Mshairi Torquato Tasso alifanya fujo jumbani 1579, katika siku za harusi ya tatu ya Alfonso. Akapelekwa hospitali ya Sant'Anna, akakaa humo hadi 1586. Miaka saba! Kweli Tasso alikuwa na matatizo ya akili, sikatai. Lakini ufunguo alikuwa nao mtemi.

Kuanzia 1580 akawa na kundi lake la wanawake waimbaji, mabingwa waliosifiwa Italia nzima: Laura Peverara, Livia d'Arco, Anna Guarini. Waliimba karibu kila siku katika vyumba vya ndani, mbele ya wageni aliowachagua yeye. Nyimbo zao hazikutolewa nje. Mtunzi wao, Luzzasco Luzzaschi, alizichapisha 1601, mtemi akiwa ameshakufa. Na Anna Guarini, maskini, aliuawa na mumewe 1598 kwa tuhuma za kuwa na mwanamume mwingine.

Kwa hiyo pazia analolivuta yeye peke yake Browning hakulitoa mbali. Sijui kama habari za hao waimbaji alizijua. Mtemi alimjua.

#12 Mama Tabasamu

Mpekuzi umenipa baridi. Hilo la waimbaji linaeleza picha vizuri kuliko walimu wangu wote. Mke akiwa hai anacheka na amtakaye. Akishakuwa rangi ukutani, mtemi ndiye anayeamua nani achekewe na saa ngapi. Anavuta pazia, mke anacheka. Analirudisha, basi. Na yale mashavu yaliyomuudhi hakuyafuta! Ameyahifadhi, anawaonyesha wageni, anawaeleza yalivyopatikana. Kilichomkera hakikuwa lile tabasamu. Kilichomkera ni kwamba lilikuwa na mwenyewe.

#13 Mzee wa Baraza

Vijana, nimesoma yote. Nami nimetumwa posa si mara moja, basi nina haki ya kusema neno juu ya huyu mshenga mliyemwacha kitini.

Kazi ya mshenga si kupeleka maneno tu. Anaangalia. Nyumba ikoje, watumishi wanaongea vipi mbele ya bwana wao, mke aliyetangulia anatajwa kwa heshima au anatajwa vipi. Akirudi, wenye binti watamuuliza hayo kabla ya hesabu. Mtemi aliyekulia kwenye mambo ya ndoa za kifalme hawezi kuwa hajui hilo.

Ndiyo maana mimi naona ulimi ulimponyoka. Kiburi kina tabia hiyo. Alianza kwa kujisifia picha, akataka mgeni ajue ni kazi ya fundi mkubwa, picha ikamkumbusha tabasamu, tabasamu likamchokoa kidonda, akajikuta amesema lisilosemwa. Aliposhtuka akageuza mazungumzo haraka: inuka twende. Pale alipokata kauli ghafla ndipo penye ushahidi wangu.

#14 Kijana wa Keko

Shikamoo Mzee. Mimi naona ni kinyume chake. Ni mtu anayejua hakuna wa kumfanya kitu. Anasema kwa sababu anaweza kusema. Mshenga ataenda kumshtaki wapi?

#15 Nyumba ya Udongo (mleta uzi)

Shikamoo Mzee wa Baraza. Umenipa kiungo nilichokuwa nakisubiri, ila nakitumia kupinga ulichosema, uniwie radhi.

Ulimi kuponyoka ningeukubali kama angesema mstari mmoja au miwili. Huyu amemkalisha mtu. Amesema anamtaja Pandolf kwa makusudi, neno hilo analitumia mwenyewe. Na anasema mshenga si wa kwanza kugeuka na kumtazama kwa macho ya kuuliza. Kumbe ziara hii ina utaratibu wake, wengine walishapandishwa ngazi zile kabla ya huyu. Hadithi inayosimuliwa kwa wageni wengi haimponyoki mtu.

Jibu langu sasa. Mtemi ametangaza hawezi kujiinamisha kumwambia mke lipi linamuudhi. Hiyo ndiyo sheria ya nyumba yake: mke abahatishe. Mke wa kwanza hakubahatisha, na mtemi hakusema, na matokeo tunayajua. Anaoa tena. Sheria haijabadilika, bado hainami. Lakini pia hataki usumbufu ule ujirudie. Afanye nini? Anampata mtu ambaye kazi yake ni kupeleka maneno kwa wenye binti. Anamweleza yeye kila kitu alichokataa kumweleza marehemu: nisichopenda ni hiki, hiki na hiki, na asiyejua mpaka wake hupata hivi. Mshenga atayabeba. Bibi harusi mpya ataingia mlangoni ameshajua usicheke na mtu, na mtemi hatakuwa amefungua kinywa mbele ya mwanamke yeyote. Amepata ulimi wa kukodi.

Kwa hiyo Kijana wa Keko, nakubaliana nawe kwamba haogopi, ila hakusema kwa sababu tu anaweza. Alikuwa na shida ya kweli, na akaitatua bila kuinama. Ile "inuka twende" ambayo Mzee anaiona ni kushtuka, mimi naiona ni karani aliyemaliza kipengele cha kwanza anaingia cha pili. Masharti kwanza, mahari baadaye.

Na Neptune yule si pambo la kumalizia shairi. Mungu anamtiisha mnyama, kwa shaba, na fundi wake ni Claus wa Innsbruck. Pandolf na Claus wote ni wa kubuni, ila Innsbruck si neno tupu. Mke wa pili wa Alfonso, Barbara wa Austria, binti wa Kaisari Ferdinand I, alilelewa Innsbruck. Louis Friedland, msomi aliyechimba habari hizi mwaka 1936, alimhusisha mshenga wa shairi na mazungumzo ya ndoa hiyo. Ukisoma hivyo, mtemi anamwambia mshenga: kwenu kuna mafundi wazuri, na kazi yao mimi huiweka hapa.

#16 Mzee wa Baraza

Marahaba wanangu. Mleta mada una hoja, sikubanduki lakini. Mwenye kutaka kupeleka masharti huyasema akajua yatafika. Huyu amembebesha mshenga maneno ambayo mshenga mwenye uso hawezi kuyapeleka kwa baba mwenye binti bila posa kuvunjika. Labda ukoo ule ulitaka jina kuliko ulivyomtaka binti yao salama.

#17 Mama Tabasamu

Mzee, hilo la mwisho ndilo lililonikaa. Tunamsema mtemi peke yake. Kuna baba mwenye ukarimu unaojulikana. Kuna mshenga aliyesikia yote akashuka ngazi. Shairi limekatika kabla hatujajua kama alisema. Mtemi ana uhakika atasema na ndoa itafungwa vile vile. Hicho ndicho kiasi cha nguvu zake: si kwamba ukweli umefichwa, umewekwa wazi na bado hesabu za mahari zinaendelea.

#18 Kijana wa Keko

Sasa huyo Barbara alikuja? Yakamkuta nini?

#19 Nyumba ya Udongo (mleta uzi)

Alikuja. Waliozana 1565. Alifariki 1572, na hakuna anayemsingizia Alfonso kifo hicho. Akaoa wa tatu, Margherita Gonzaga, 1579, ndiye waliyemwanzishia kundi la waimbaji. Wake watatu, na hakupata mtoto hata mmoja. Alipokufa 1597 akamwachia utawala binamu yake Cesare, lakini Papa Clement VIII hakumtambua kwa kuwa baba yake Cesare inasemekana alizaliwa bila ndoa halali. Mwaka 1598 Ferrara ikachukuliwa na Papa, na Este wakahamia Modena na masanduku yao. Jina la miaka mia tisa lilikosa mrithi wa mji.

Picha ya Lucrezia wa kweli ipo, inahusishwa na Bronzino na mwanafunzi wake Alessandro Allori. Iko jumba la makumbusho ya sanaa la North Carolina, Marekani, iko wazi kwa anayepita. Katika picha hiyo hacheki.

#20 Siti ya Mbele

Nimekaa kimya nasoma tu, uzi umenoga. Mleta mada, nasikia Browning ana lingine la mwanamume aliyemnyonga mpenzi wake kwa nywele zake mwenyewe. Lile vipi?

#21 Nyumba ya Udongo (mleta uzi)

"Porphyria's Lover", la 1836, limetangulia hili kwa miaka sita. Linahitaji uzi wake, nitauleta. Ila ukianza kulisoma angalia tofauti hii: yule wa Porphyria hana mji, hana jina wala mtumishi wa kumwamuru, kazi ameifanya kwa mikono yake, kisha akakaa naye usiku kucha. Na hana mshenga wa kumsimulia. Anayemsimulia sijui ni nani, ndiyo nataka tubishane.